Madruidi: Elimu Iliyokataa Wino

Madruidi walikuwa makuhani na wasomi wa Wakelti, watu waliokaa Galia, nchi ambayo sehemu yake kubwa leo ni Ufaransa, pamoja na Britania na Ayalandi, katika karne za mwisho kabla ya Kristo. Wao ndio waliosimamia sadaka, wakaamua kesi, wakasomesha vijana wa koo kubwa na kuwashauri watawala. Hawakuacha kitabu hata kimoja. Habari zao nyingi zimetoka kwa Wagiriki na Warumi, na Warumi walikuwa maadui zao. Kwa hiyo kila habari haina budi kupimwa pamoja na aliyeileta.

Aliyeeleza mengi zaidi ni Julius Caesar, jemadari aliyeivamia Galia mwaka 58 kabla ya Kristo. Anasema mafundisho haya yalisadikiwa kuwa yalianzia Britania, na aliyetaka kubobea katika mafundisho hayo alivuka bahari kwenda kuyasoma huko. Msikilizaji aliyesikia kwamba madruidi ndio waliosimamisha mawe makubwa ya Stonehenge, hukohuko Britania, aliweke hilo kando. Dhana hiyo ilienezwa na mtafiti Mwingereza William Stukeley katika karne ya 18, ilhali ujenzi ulianza karibu mwaka 3000 kabla ya Kristo, zama nyingi kabla druidi yeyote hajatajwa.

Masomo yaliweza kuchukua miaka 20, na yote yalikuwa ya kuhifadhi beti kwa moyo. Kuandika walikujua: kwa hesabu na shughuli nyingine Wagalia walitumia herufi za Kigiriki. Mafundisho ya dini ndiyo yaliyokatazwa kuandikwa. Caesar alidhani walitaka yasizagae kwa kila mtu, na wanafunzi wasije wakategemea maandishi, kumbukumbu ikalala.

Nguvu yao kubwa ilikuwa katika hukumu. Hawakulipa kodi wala hawakwenda vitani. Kila mwaka walikutana mahali patakatifu katika nchi ya kabila la Carnutes, na watu wakafika na mashauri ya mauaji, mirathi na mipaka. Aliyekaidi uamuzi alipigwa marufuku kuhudhuria sadaka. Tangu hapo watu walimkwepa njiani, na hata akidhulumiwa hakusikilizwa.

Fundisho lao kuu ni kwamba roho haifi. Mtu akifa, roho huhamia mwili mwingine. Imani hiyo iliwapa wapiganaji ujasiri mkubwa. Mwandishi wa Kirumi Valerius Maximus anasimulia kwamba Wagalia walikopeshana fedha kwa ahadi ya kulipana ahera. Walichunguza pia nyota, na usiku ulitangulia mchana katika hesabu zao, kama ilivyo katika kalenda ya Kiislamu. Mwaka 1897, huko Coligny mashariki mwa Ufaransa, vilifukuliwa vipande vya kalenda ya shaba nyeusi yenye lugha ya Kigalia: miaka 5, miezi 62. Miezi miwili kati ya hiyo ni ya nyongeza, ili hesabu ya mwezi isiachane na majira ya jua. Wataalamu wengi huihusisha kazi hiyo na elimu ya madruidi.

Mwandishi wa Kirumi Pliny Mkubwa ameeleza ibada moja kwa makini. Siku ya sita ya mwezi mwandamo, kuhani aliyevaa nguo nyeupe alipanda mwaloni na kukata kwa mundu wa dhahabu mmea unaoota juu ya matawi yake. Waliokuwa chini waliudaka kwa joho jeupe. Kisha mafahali wawili weupe walichinjwa.

Je, walitoa binadamu kafara? Caesar anadai watu walichomwa hai ndani ya masanamu makubwa ya fito. Alikuwa na sababu ya kuwachafua aliotaka kuwatawala, na Warumi wenyewe, mwaka 216 kabla ya Kristo, walizika wakiwa hai Wagalia wawili na Wagiriki wawili. Hata hivyo waandishi kadhaa wanalitaja jambo hilo, na si haki kulifuta lote.

Roma iliwaogopa kwa sababu waliunganisha makabila. Kaisari Tiberio aliwabana, Klaudio akaipiga marufuku dini yao Galia. Mwaka 60 au 61 baada ya Kristo, jeshi la jemadari wa Kirumi Suetonius Paulinus lilivuka hadi kisiwa cha Mona, leo Anglesey huko Wales, likawaua madruidi na kukata misitu yao mitakatifu. Katika kisiwa hichohicho, miaka ya 1940, wajenzi wa uwanja wa ndege walikuta kwenye kinamasi cha Llyn Cerrig Bach mnyororo wa chuma, wakautumia kuvutia magari yaliyokwama. Ulihimili. Baadaye ilitambuliwa kuwa ni mnyororo wa kufungia watumwa shingoni, wa miaka kama 2,000, uliotupwa humo pamoja na panga na mikuki kama sadaka.

Ayalandi haikutawaliwa na Roma, na huko madruidi waliendelea hadi Ukristo ulipoingia katika karne ya 5. Sheria za Kikristo ziliwashusha hadhi, na washairi walioitwa filid wakabaki na kazi ya kuhifadhi nasaba, visa na sheria za kale kwa moyo.