WAGENI WA KUSI NA WAGENI WA KASKAZI

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya wavuvi, walimu na wanafunzi huko Likoni)



Kazi yangu ni kufasiri karatasi, na mfasiri hana budi kukutana na maneno yanayomsumbua. Moja lililonisumbua sana ni lile ambalo watu wa Ulaya huita majira yao ya baridi kuu, maji yanapoganda na miti kupukutika majani. Sisi tunacho kipupwe, lakini kipupwe chetu ni baridi ya mtu kujifunika shuka alfajiri tu. Nikaandika "kipupwe", nikaona haya. Baadaye nikatambua ya kwamba baridi hizo mbili zina uhusiano, maana wako wanyama na ndege waikimbiao ile kali wakaja kukaa kwetu. Hao ndio nipendao kuwaeleza habari zao leo.

Tuanze na kusi. Mwajua wenyewe hali ilivyo hapa kuanzia Juni: bahari huchafuka, mwani hutupwa pwani mafungu kwa mafungu, na mawimbi huyapiga majabali haya ya Likoni hata povu likaruka juu. (Majabali yenyewe yalikuwa matumbawe hai chini ya maji yapata miaka 125,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko sasa.) Mtu akisimama juu yake asubuhi ya Agosti, kabla upepo haujazidi, akatazama nje ya mwamba, huenda akaona kama moshi mweupe ukipanda majini na kutoweka. Si moshi, ni pumzi ya nyangumi.

Nyangumi huyo mwenye mapezi marefu hula karibu na barafu ya ncha ya kusini ya dunia. Chakula chake ni vijidudu vya baharini mfano wa uduvi. Baridi ya huko inapokaribia, hufunga safari ya zaidi ya maili 4,000 kutafuta maji ya uvuguvugu ya kuzalia, na tangu Julai hata Septemba au Oktoba huonekana katika pwani yetu, toka Diani mpaka Watamu. Mkubwa wake hupata futi 45 na uzito wa tani 30 hivi. Ndama azaliwapo ana futi 13 hivi. Na la ajabu ni hili: mama akiwa huku hali kitu, au hula kidogo mno, naye ananyonyesha. Huishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini.

Mzee mmoja mvuvi wa upande huu alinisimulia jinsi nyangumi na mwanawe walivyopita karibu na dau lake. Vijana wa chomboni walishika kafi wapige ubavu wa dau ili wamfukuze. "Niliwaambia, acheni, wanangu, mwenye mtoto hafukuzwi. Tukatua tanga, tukakaa kimya mpaka akapita." Mzee huyo hakupata kusoma kitabu chochote cha wanyama, lakini alifanya lililo sawa kabisa. Katika karne iliyopita nyangumi wa namna hii waliwindwa katika bahari za kusini hata wakakaribia kwisha. Mataifa yalikataza kuwawinda huko mwaka 1963, na ingawa wako waliovunja amri hiyo kwa siri, polepole wameongezeka tena.

Sasa tugeuke tutazame kaskazini. Wageni wa upande huo ni ndege, nao ndio wanaonitia wasiwasi zaidi. Wa kwanza hufika mwezi wa Agosti na Septemba, na kaskazi inapoanza kuvuma Novemba wameshajaa kwenye matope ya hori la Tudor upande wa Kisauni, na ya Port Reitz kule Changamwe. Yuko chamchanga mmoja mdogo mwenye mdomo uliopinda, uzito wake kama wakia mbili tu, atokaye Siberia, nchi ambayo ardhi yake haiyeyuki ila juu juu. Yuko sululu. Na yuko ndege mweusi na mweupe mwenye mdomo mnene wa kuvunjia kaa, ambaye hutaga katika mashimo ya mchanga kwenye fuo za Arabuni, kisha huja kwetu kama majahazi ya zamani yalivyokuja.

Ndege hawa hawafuati jua, hufuata maji. Yakipwa hula, hata usiku. Yakijaa husimama kungoja. Bamvua ndiyo karamu yao. Kuanzia Machi hula kwa pupa mpaka wakanona, na manyoya ya yule chamchanga huwa mekundu; kisha Aprili huondoka. Asiyenona hafiki kwao.

Basi fikirini: mwezi wa Aprili 2005 mafuta ya meli yalimwagika bandarini Kilindini, yakaingia mpaka mikokoni Port Reitz. Mwaka 1988 yalikwisha kumwagika mengine hori la Makupa na kuua mikoko. Mvua kubwa za 1997 na 1998 nazo zilileta udongo mwingi kutoka mashambani ukaifukia mizizi ya mikoko ya Mwache. Ndege hawezi kushtaki. Lakini tope hilo hilo ndilo shamba la kaa na kamba tunaowapeleka sokoni, na ndimo samaki wachanga wanamokulia. Likiharibika, na sisi tumo. Kwa hiyo nafurahi nionapo akina mama na vijana wakipanda mikoko, na sifurahi hata kidogo nionapo wavulana na manati zao wakiwavizia ndege waliochoka na safari.

Kijana mmoja aliniuliza kabla sijaanza kama ndege warudio ni wale wale. Ni wale wale wengi wao. Wataalamu huwavika pete miguuni, hata kule Mida karibu na Watamu, na wameona ndege akirudi pwani ile ile mwaka baada ya mwaka. Bamvua ijayo, maji yakipwa, shukeni mkatazame kwa mbali. Mkiona pete, andikeni rangi yake, na mguu uliovikwa, wa kulia au wa kushoto, mkampe mwalimu wenu.