Kabla Hujanunua Injini Kubwa

Leo naomba nizungumze na kijana mwenye Mark II ya GX100, ile iliyotengenezwa Japani kati ya 1996 na 2000. Gari lako unalipenda. Umelipiga rangi upya, umelishusha, umelifunga rimu pana. Lakini ukikanyaga mafuta kupanda Kimara, injini inanguruma, mshale unapanda, na mwendo hauongezeki. Chini ya boneti kuna 1G-FE, silinda sita, lita mbili, nguvu za farasi 140 hivi kwa zile za mwanzo, na gari lenyewe lina zaidi ya kilo 1,300. Sasa umeweka akiba, si nyingi, na unataka injini kubwa.

Sitakukataza. Kulifanya gari la zamani liende vizuri ni kazi ya heshima, na mafundi wetu wanaiweza. Ninachotaka tukubaliane ni namna ya kuchagua, maana nimeona magari mengi mazuri yakifia gereji, injini mpya ikiwa ndani, pesa zimeisha, na miti ya mwarobaini imeshaanza kuangusha majani juu ya boneti.

Anza na bodi ya gari kabla ya kuanza na injini. Toyota wenyewe waliitengeneza bodi hiyo ya kwako na injini tofauti tofauti. Iliyobeba familia ya G ndiyo GX100. Iliyobeba 1JZ ya lita mbili na nusu ikaitwa JZX100. Na kulikuwa na ya tatu, ambayo vijana wengi hawaitaji: JZX101, yenye 2JZ-GE ya lita tatu, isiyo na tabo. Maana yake ni kwamba mauntingi, krosimemba, propela na radieta vya kubebea injini hiyo kwenye gari lako vilishabuniwa kiwandani. Fundi wako hana haja ya kubuni kitu. Anafungua cha zamani, anafunga kilichokusudiwa. Na kwa mtu mwenye pesa kidogo, kila kitu ambacho fundi hakukibuni ni pesa iliyobaki mfukoni.

Ndiyo maana V8 naiogopa kwa niaba yako. Najua unaiota. Ni 1UZ-FE ya lita nne, iliyoanza kuonekana mwaka 1989 kwenye Lexus LS400, na kwetu wengi wameijua kupitia Crown Majesta. Ni injini nzuri mno, bloku yake ni ya aluminiamu, tulivu, imara. Lakini ni pana. Gari letu usukani uko kulia, na upande huohuo wa kulia bomba la moshi la V8 linagombea nafasi na fimbo ya usukani. Mauntingi lazima yachomelewe, egzosti itengenezwe upya, propela ikatwe na kuunganishwa tena, na kila kimoja kina fundi wake na bei yake. Injini utakuwa umeinunua mara moja, lakini nafasi ya kuiweka utailipia mwaka mzima.

Kuna ile ambayo kila mtu anaitaka, 1JZ-GTE yenye tabo. Kiwandani iliandikiwa nguvu za farasi 280. Kama una pesa ya kutosha, sina neno. Ila zingatia ilikotoka. Ilikuwa ndani ya gari la mtu aliyelinunua ili akimbie. Imekimbizwa Japani, imekatwa, imepanda meli, labda imepita Sharjah kwenye maghala ya vipuri, ndipo ikafika Ilala. Tabo yake imekunywa oili ya watu watatu au wanne usiowajua. Halafu ilipangwa kunywa petroli ya Kijapani ya daraja la juu, yenye okteni karibu 100, na ya kwenye pampu zetu iko chini ya hapo. Injini ya tabo iliyochoka, kwenye petroli hafifu, katika joto la Dar es Salaam, itavunja pistoni siku ambayo hukuitarajia.

Kwa hiyo mimi nasema chukua 2JZ-GE. Kiwandani iliandikiwa nguvu za farasi 220. Kipenyo cha silinda zake ni milimita 86, sawasawa na cha 1JZ. Kilichozidi ni safari ya pistoni: kwenye 1JZ ni milimita 71.5, kwenye hii ni 86. Safari hiyo ndefu ndiyo inayokupa nguvu mapema, pale unapotoka kwenye taa au unapopanda kilima na watu wanne ndani, bila kusubiri tabo ijaze upepo. Na kwa sababu ilitumika kwenye magari ya watu wazima, mengi ya kwenda kazini na kurudi, una nafasi nzuri zaidi ya kupata iliyotunzwa.

Nafasi nzuri, lakini si hakika. Mwaka juzi nilimsindikiza kijana wa mtaani kwetu kwenda kununua injini. Ilikuwa imeoshwa, inang'aa, na muuzaji anaapa kuwa imefika wiki hiyo. Fundi wetu, mzee mmoja mpole, hakusema neno. Alifungua kifuniko cha oili akakigeuza. Kwa ndani kulikuwa na utando mweupe, mzito, kama tui la kwanza la nazi. Akaukwangua kwa kucha, akaunusa, akatuonyesha. Maji na oili vilikuwa vimekutana. Akahamia ya pili. Hiyo ilikuwa kavu na safi, akaomba betri, akatoa plagi zote sita, akaweka geji ya kompresheni tundu moja baada ya jingine. Ikasoma psi 170, 168, 172, 170. Kwenye silinda ya tano sindano ikapanda hadi 120 ikagoma. Toyota wanaruhusu tofauti ya 14 tu kati ya silinda na silinda. Mzee akafunga plagi zake akasema, "Mwanangu, twende nyumbani." Tulirudi mara tatu kabla ya kupata nzima, na mara zote hizo kijana alikuwa na pesa mfukoni zinazomwasha. Namheshimu kwa uvumilivu ule kuliko kwa gari lenyewe.

Jambo jingine alilotufunza mzee yule ni waya. Injini nyingi zinashushwa kwenye kontena zikiwa zimekatwa waya kwa msumeno, karibu kabisa na soketi. Ukinunua hivyo, fundi umeme atakaa wiki mbili anaunganisha nyuzi kwa kubahatisha rangi. Kama unaweza, nunua nusu nzima ya mbele ya gari, au angalau injini pamoja na gia boksi yake, waya zake zote na kontroli boksi yake yenyewe. Gia boksi ya 1G haishiki kwenye JZ, usidanganywe. Mzigo huo wote ukiwa pamoja utauona ghali siku ya kwanza. Jumlisha vipande kimoja kimoja, utaona ni nafuu.

Makaratasi ni mafupi kuyasema. Kadi ya gari ina namba ya injini. Ukiibadilisha, nenda TRA namba mpya iandikwe, ukiwa na risiti ya ulikonunua. Waambie na watu wa bima. Siku ya ajali si siku ya kuanza kueleza.

Nimeacha mwishoni lile linalonikosesha usingizi. Radieta ya injini ya lita mbili haitatosha kwenye foleni ya Ubungo saa nane mchana; weka ya JZX. Na breki. Breki ulizonazo zilipangwa kwa gari la farasi 140. Ukiongeza farasi 80, utafika kwenye kona ileile ukiwa na mwendo mwingine kabisa, na mbele yako kuna bodaboda amebeba mama na mtoto, hajui umefunga injini gani. Bodi hiyohiyo ilikuwa na toleo la Tourer V lenye diski kubwa. Seti nzima ya breki zake za mbele, pamoja na chuma kinachozishikilia, inapatikana kwa wauzaji walewale. Wengi wanaahidi kuibadilisha "mwezi ujao". Mwezi ujao pesa inakuwa imeishia kwenye egzosti.

Nakuomba, kijana wangu, ule mzigo wa pesa uliouweka, ugawe kabla hujatoka nyumbani. Toa fungu la breki na radieta, uliweke pembeni. Kinachobaki ndicho cha kwenda nacho Ilala. Kama hakitoshi lita tatu nzima yenye kompresheni safi, rudi nyumbani ukaendelee kuweka akiba. Na breki zifungwe kwanza, gari likiwa bado na injini yake ya zamani.