Joto la Udongo na Uhaba wa Maji katika Kilimo cha Mpunga

Hotuba ya Katibu katika sherehe ya kutimiza miaka 10 ya Muungano, Daraja Mbili, Arusha



Nimeagizwa niseme machache juu ya mpunga. Huenda wengine wakashangaa kusikia habari za majaruba hapa Daraja Mbili, ambapo mchele hujulikana kwa kupimwa kilo dukani. Lakini mito inayoshuka kutoka Mlima Meru, kama Themi, hupita mjini kabla ya kufika tambarare. Kisha maji yake huingia Kikuletwa, na kutoka huko hushuka hata Bwawa la Nyumba ya Mungu na Mto Pangani. Kwa hiyo aliye juu na aliye chini hunywa katika chombo kimoja, na mpunga wa Lekitatu hauwezi kutengwa na mambo yanayofanyika huku juu.

Jambo ninalotaka tulielewe leo ni hili: joto la udongo na maji si mambo mawili. Anayeyatawala maji huitawala pia hali ya joto ya jaruba lake. Na anayekosa maji kwa wakati hupata hasara mara mbili.

Tuanze na kitalu. Mbegu ya mpunga huota vizuri udongo ukiwa na joto la digrii 25 hadi 35 za sentigredi. Udongo ukiwa baridi, mbegu hukawia, mizizi huwa dhaifu, na miche hugeuka rangi ya manjano. Tena yafaa tujue kwamba katika majuma ya kwanza, sehemu ya mmea inayotoa majani mapya imo chini, karibu na udongo, ndani ya maji. Wakati huo joto la maji na la udongo ndilo linaloutawala mmea kuliko joto la hewa. Baadaye shina hurefuka na suke changa hupanda juu. Ndipo hewa inapokuwa na nguvu zaidi.

Maji yetu hutoka mlimani, nayo ni baridi. Mkulima anayeyaacha yatiririke mchana kutwa jarubani hudhani anaulisha mpunga, kumbe anaupoza. Ndiyo sababu mara nyingi mpunga ulio karibu na mlango wa maji huchelewa kukomaa kuliko ule wa katikati. Dawa yake haina gharama: tia maji jioni au alfajiri, ufunge mlango, uliache jua liyapashe moto mchana. Kwa kufanya hivyo utakuwa umehifadhi joto, na papo hapo umehifadhi maji ya jirani.

Hatari ya pili ya baridi huja siku 10 hadi 14 kabla ya masuke kutokeza. Wakati huo, baridi ya chini ya digrii 20 ikidumu siku kadhaa, chavua huharibika. Mkulima huona masuke yamesimama wima, lakini akiyapuna hupata mapepe. Mwaka 1993 baridi ya kiangazi iliharibu mpunga wa Japani hata nchi ile, inayosifika kwa kilimo hicho, ikalazimika kununua mchele ng'ambo. Wakulima wa kaskazini ya nchi ile huongeza kina cha maji wakati huo hadi kufikia sentimeta 20, ili maji yawe blanketi la suke changa.

Sasa tufanye hesabu yetu wenyewe. Mbegu ya miezi minne huchanua yapata miezi mitatu baada ya kusiwa. Asiaye mwishoni mwa Machi, mpunga wake utachanua mwishoni mwa Juni, wakati baridi yetu imekaza na sisi sote tumevaa makoti. Basi tarehe ya kusia si jambo la mazoea wala la kungoja jirani aanze.

Nageukia upande wa pili, yaani joto kali. Ua la mpunga hufunguka asubuhi kwa muda wa saa moja au mbili tu. Joto likizidi digrii 35 katika muda huo, punje nyingi hazifungi. Mmea wenye maji ya kutosha hujipoza wenyewe kwa kutoa mvuke katika majani, kama mtu anavyotoa jasho. Ukikosa maji hufunga vinyweleo vyake, na suke huungua. Udongo nao ukikauka hupata joto haraka, hupasuka, na mizizi hukatika. Siku ya zamu ikifika, maji ya kwanza hutumbukia katika nyufa, na mwenye jaruba hudai zaidi ya haki yake. Hivyo uhaba huzaa uhaba.

Wala tusitazame joto la mchana peke yake. Wataalamu wa taasisi ya kimataifa ya mpunga huko Ufilipino walilinganisha mavuno na hali ya hewa iliyopimwa toka mwaka 1979 hata 2003, wakaona kwamba katika msimu wa kiangazi kila digrii moja iliyoongezeka katika joto la usiku iliambatana na kupungua kwa mavuno kwa kiasi cha asilimia 10. Mmea usiopoa usiku hutumia chakula ambacho ungekiweka katika punje.

Mabibi na mabwana, jirani zetu wa Moshi wametupa funzo kubwa. Mpango wa umwagiliaji wa Lower Moshi ulikamilika mwaka 1987 kwa msaada wa serikali ya Japani. Majaruba ya hekta 1,100 yalikusudiwa kunyweshwa kwa mito ya Njoro na Rau, na katika miaka ya mwanzo mavuno yalifikia tani 6 na zaidi kwa hekta. Wakulima wa juu walipoona neema hiyo, nao wakaanza kulima mpunga kwa maji yale yale. Nani awalaumu? Lakini maji hayakuongezeka, na eneo lililoweza kupandwa ndani ya mpango likapungua. Mafanikio yaliyokosa mapatano yalikausha mfereji.

Nasi tumefika njia panda hiyo hiyo. Kilo moja ya mpunga hutumia kwa wastani lita 2,500 za maji. Tukiongeza majaruba bila kubadili desturi zetu, wa chini watavuna mapepe.

Kwa hiyo naomba Mkutano Mkuu uamue mambo matatu. La kwanza, kila mfereji uwe na kalenda moja ya kusia, ili mpunga uchanue nje ya baridi kuu. La pili, tutumie bomba la kupimia: kipande cha sentimeta 30 chenye matundu, kilichozikwa nusu jarubani. Maji yakishuka sentimeta 15 chini ya uso wa udongo, ndipo tutie mengine hadi kina cha sentimeta 5. Njia hii huweza kuokoa hata asilimia 30 ya maji bila kupunguza mavuno. Ila juma moja kabla na juma moja baada ya kuchanua, jaruba lisikauke kamwe. La tatu, zamu itolewe kwanza kwa mpunga unaochanua, awe ni wa mjumbe au wa mwanachama mpya, awe juu au chini ya mfereji.

Najua hili la tatu litawauma wenye mashamba karibu na banio, maana wao ndio watakaofunga milango huku maji yakipita mbele ya macho yao. Lakini hicho ndicho kipimo cha ushirika. Kununua mbolea pamoja ni rahisi; kumwachia mwenzako maji wakati wa kiangazi ndiko kuaminiana. Kidole kimoja hakivunji chawa, wala mlango mmoja wa maji haulishi kijiji.

Muungano wetu umetimiza miaka 10. Mungu akitujalia mingine 10, wanetu waukute mfereji una maji hata mwisho wake.