Dawa za Miti Shamba na Ugonjwa wa Kisukari

(Mazungumzo mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Nduruma)



Nimeombwa nizungumze juu ya miti shamba na kisukari. Sitaidharau miti, wala sitaisifu kupita kiasi. Nina neno moja tu: mti waweza kuwa dawa, lakini mpaka upimwe.

Mkoa wetu wa Arusha walijua jambo hili vizuri. Mwaka 2011 maelfu ya watu walikwenda Loliondo, kijiji cha Samunge, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila, aliyefariki mwaka 2021. Kikombe kilikuwa shilingi 500, nayo dawa ilichemshwa kutokana na mizizi ya mti uitwao mugariga. Kisukari kilikuwa miongoni mwa magonjwa yaliyosemwa kuwa yanapona. Wako wagonjwa waliokunywa, kisha wakaacha dawa za hospitali. Hapo ndipo penye hatari.

Je, mti ule ni bure? La hasha. Mugariga ni wa jamii ambayo wataalamu huiita Carissa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1996 ulionyesha kuwa majani ya Carissa edulis yalishusha sukari ya panya wenye kisukari. Lakini tazameni: yale yalikuwa majani, si mizizi, yalitolewa nguvu yake kwa spiriti, hayakuchemshwa, na walionyweshwa ni panya, si baba na mama zetu. Umbali huo hauvukwi kwa kikombe kimoja.

Hata hivyo huvukwa. Huko Ulaya kuna mmea uitwao Galega officinalis, uliotumiwa tangu zamani kama dawa. Mwaka 1918 iligunduliwa kwamba guanidini, kemikali ya jamii ya ile iliyomo katika mmea huo, hushusha sukari, ila ina sumu. Wataalamu wakatengeneza nyingine iliyo salama zaidi, na mwaka 1957 daktari Mfaransa Jean Sterne akatangaza matokeo yake kwa wagonjwa. Ndiyo metformini, kidonge cha kisukari tunachopewa hospitalini leo. Safari hiyo ilichukua miaka 39.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tushike mambo matatu. Kwanza, anayechomwa insulini asiiache kwa sababu ya mzizi wowote. Kwa wengine kuiacha ni kifo cha siku chache. Na sukari isiyopimwa hula macho, figo na mishipa ya fahamu ya miguu kimya kimya.

Pili, anayekunywa miti shamba asimfiche daktari. Mti unaoshusha sukari ukikutana na kidonge au sindano, waweza kuishusha mno hata mgonjwa akazimia.

Tatu, ninyi wanafunzi. Pale Muhimbili ipo Taasisi ya Tiba Asili tangu mwaka 1974, na tangu mwaka 2002 tunayo sheria ya tiba asili. Kazi hiyo yahitaji watu wa kemia na baiolojia. Wazee wetu Wameru na Waarusha waijua miti ya mlima huu kwa majina. Waulizeni kwa adabu, mwandike: jina la mti, sehemu itumiwayo, na kipimo chake. Mzee akiondoka kabla ya kuulizwa, huondoka na elimu yake, nasi hatutakuwa na cha kupima.