Mwananchi ni Nani?

Tarehe 9 Julai 2011 bendera ya Sudan Kusini ilipandishwa mjini Juba, penye kaburi la Dakta John Garang, na taifa jipya likazaliwa. Umati ulishangilia. Lakini baada ya ngoma kunyamaza lilibaki swali ambalo kila taifa changa hulikuta mlangoni: mwananchi ni nani?

Jibu limo katika Sheria ya Uraia ya mwaka huo huo wa 2011. Kwa sheria hiyo, raia ni yule ambaye mzazi wake, babu au bibi yake, au hata mzazi wa babu au bibi huyo, kwa upande wa kiume au wa kike, alizaliwa katika nchi hiyo. Raia ni mtu wa mojawapo ya makabila ya asili ya nchi. Raia pia ni yule ambaye yeye au wazee wake wamefanya makao yao huko tangu tarehe 1 Januari 1956, siku Sudan ilipopata uhuru. Nayo Katiba ya mpito yatamka kwamba mtoto wa mama raia ana haki sawa na mtoto wa baba raia.

Wapo wasiokuwa na mizizi hiyo. Mjini Juba, katika soko la Konyo Konyo, wamefanya biashara watu wa kutoka Uganda, Kenya na kwingineko. Hao sheria haikuwafungia mlango. Mgeni aliye mtu mzima mwenye akili timamu, aliyekaa nchini miaka 10 mfululizo, anayekusudia kubaki, na asiyepata kuhukumiwa kwa kosa la utovu wa uaminifu, aweza kuomba uraia wa tajnisi. Aliyeoana na raia hutakiwa kukaa miaka 5. Sudan Kusini haimlazimishi kuukana uraia wa kwao, ingawa yampasa kuangalia kwanza sheria ya huko alikotoka. Maana Tanzania, kwa mfano, kwa kawaida haimruhusu mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili.

Hivyo ndivyo ilivyoandikwa. Dirishani kwa karani mambo huwa mazito zaidi. Mwombaji hutakiwa kuja na shahidi, ndugu au mzee wa ukoo, atakayesema kwamba huyu ni wetu. Je, yatima ambaye ukoo wake ulitawanywa na vita atamleta nani? Na Mkakwa, ambaye kabila lake limo Sudan Kusini, Uganda na Kongo, atathibitishaje kwamba yeye ni wa upande huu wa mpaka?

Hatari hiyo si ya kubuni. Mwaka 2011 Sudan ilibadili sheria yake, na mtu aliyehesabiwa kuwa raia wa Sudan Kusini akapoteza uraia wa Sudan. Muda wa mpito ulikwisha tarehe 8 Aprili 2012. Katikati ya mwaka huo watu wapatao 12,000 waliokuwa wamekwama Kosti walisafirishwa kwa ndege kutoka Khartoum hadi Juba. Mtu akikataliwa huku, na huku asipewe cheti, hubaki hana nchi.

Majirani wameonja jambo hili. Nchini Kenya Wamakonde, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi mashambani, walingoja kwa vizazi. Mwaka 2016 walitembea kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi, na mwaka 2017 wakaanza kupewa vitambulisho. Tanzania nayo iliwapa uraia wakimbizi wapatao 162,000 waliotoka Burundi mwaka 1972, wenye mashamba yao Katumba, Mishamo na Ulyankulu.

Serikali yoyote ina haki ya kuwapima wanaobisha hodi. Lakini kipimo hicho hakina budi kiwe kile kilichoandikwa, nacho kitumike kwa wote, kwa mwenye mjomba ofisini na kwa asiye naye. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Aliyelishika jembe hilo miaka 10, na aliyezaliwa papo hapo shambani, haifai waulizwe kila kukicha wamelitoa wapi.