Ratiba Ndiyo Inayochagua Watazamaji
Mazungumzo ya Afisa Utamaduni mbele ya wakazi wa kata za mlimani, Uluguru, yaliyochapwa hapa kwa ombi la waliohudhuria

Ndugu wenye vibanda vya video, leo mmeketi mstari wa nyuma kana kwamba mmeitwa barazani kujibu shauri.

Nimeletewa hoja mbili zinazogongana. Ya kwanza ni ya wazazi, wanaotaka vibanda vifungwe kwa kuwa watoto hujificha humo saa za masomo, kisha hurudi nyumbani usiku wakirushiana mateke waliyojifunza. Ya pili ni ya wenye vibanda, wanaosema kwamba kibanda ndicho shamba lao: wamekopa wakanunua jenereta, televisheni na king'amuzi, na deni halingoji mvua. Kila upande umeniomba niseme nani ana haki. Kabla hatujafika huko, naomba tuelewane kwanza jinsi filamu zinavyochaguliwa na kupangiwa saa. Naamini sehemu kubwa ya ugomvi wetu inatokana na jambo moja: vibanda vyetu havina ratiba ambayo mtu yeyote anaijua.

Tuanze na mwenye kibanda. Anaposhuka Morogoro mjini kuuza ndizi au kununua bidhaa za duka, hupita kwa muuza filamu akajaziwa flashi yake. Muuzaji humwambia zipi zinatembea wiki hiyo: za mapigano kutoka China na Marekani, za Kihindi, za Kikorea, za Kinaijeria, na zetu za hapa nchini. Nyingi hazitazami kwanza, kwa kuwa muda hana. Anachokijua vizuri ni gharama zake: mafuta ya jenereta au umeme wa LUKU, malipo ya king'amuzi, pango la chumba. Hujiuliza swali moja tu, nalo ni la haki kabisa: jioni hii, nani mwenye hela mfukoni?

Mwenye hela jioni ni kijana. Ni dereva wa bodaboda, ni mbebaji wa mizigo ya gulioni, ni aliyeuza mananasi yake asubuhi. Basi filamu ya saa mbili usiku huwa ni ya kijana huyo. Simba au Yanga wakicheza, filamu huondolewa bila kuuliza. Mama wakati huo yuko jikoni, na mzee ameshajifunika blanketi kwa baridi ya milimani. Mchana nao, watu wazima wakiwa shambani, mabenchi hubaki matupu, na mwenye kibanda huwasha chochote kwa yeyote mwenye sarafu chache. Aliye huru saa hiyo, au aliyejifanya huru, ni mtoto wa shule.

Tazameni basi yaliyotokea. Hakuna mtu aliyeketi akaamua kwamba mchana kibanda kiwe cha watoto, wala kwamba usiku kisiwe cha akina mama. Saa ndizo zilizoamua. Tunalaumu filamu, na filamu nyingine kweli zinastahili lawama, lakini saa ya kuonyesha huchagua watazamaji kabla filamu yenyewe haijaanza.

Waliotutangulia katika biashara hii walilijua hilo. Kule Unguja, mwaka 1921, Hassanali Adamji Jariwalla alifungua jumba la sinema la Royal. Liliungua mwaka 1954, na mwaka uliofuata Majestic ikasimama mahali pake. Wenye majumba ya aina hiyo waliishi mji mmoja na watazamaji wao, wakijua nani anasali saa ngapi na nani hawezi kuketi gizani kati ya wanaume asiowajua. Kwa hiyo walitenga maonyesho ya mchana kwa ajili ya wanawake peke yao. Jumapili iliwekwa filamu ya Kihindi ambayo familia nzima ingeivalia nguo nzuri. Hata upungufu wa nakala walikuwa na dawa yake. Nakala moja ya filamu iliweza kuhudumia majumba mawili usiku mmoja: jumba la pili lilianza baadaye kidogo, na kijana wa baiskeli alikimbiza mikanda kutoka jumba la kwanza kila mmoja ulipokwisha. Gurudumu likipasuka njiani, ukumbi mzima ulingoja.

Sisemi hayo kwa kutamani zamani. Majumba yale yalikuwa ya mijini na yalikuwa na matabaka yake. Ninachotaka tukichukue ni kidogo na ni cha manufaa. Wale wanawake walikwenda sinema kwa sababu palikuwa na saa yao, wakaijua saa hiyo mapema, wakapanga mapishi na watoto kwa kuifuata. Mwenye jumba naye alijaza viti ambavyo vingekaa vitupu.

Upande wa pili wa historia unatuonya. Kati ya mwaka 1935 na 1937, pale Vugiri katika milima ya Usambara, kulikuwa na mradi wa kikoloni wa kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na mambo ya namna hiyo. Filamu zilipakiwa kwenye lori na kuzungushwa Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasa na Rhodesia ya Kaskazini. Wahusika wake walijitahidi kupeleka sinema mahali ambapo haijapata kufika. Lakini walioamua watu waone nini hawakuwa wale waliokaa chini kutazama. Mtazamaji aliulizwa maoni baada ya mkanda kwisha, wala si kabla ya kuchaguliwa.

Kosa hilo nimelifanya mimi mwenyewe, kwa hiyo ninalisema bila kumcheka mtu. Miaka kadhaa iliyopita nilipanda na projekta hadi kijiji kimoja cha juu, nikiwa na filamu kuhusu hifadhi ya udongo. Nilipanga saa nane mchana, kwa kuwa nilitaka kuteremka kabla ya ukungu. Ukumbi wa shule haukuwa na mapazia. Filamu ilikuwa ya Kiingereza. Akina mama walitazama ukuta mweupe kwa adabu, kisha wakaondoka mmoja mmoja kwenda kuteka maji. Bibi mmoja aliyebaki aliniambia, "Mjukuu wangu, umetuletea kivuli cha mchana." Udongo ule wanaulima wao, na walikuwa na mengi ya kunifundisha juu yake. Sikuwa nimemuuliza hata mmoja wao saa, lugha, wala haja.

Nimetaja lugha, nayo ni sehemu ya kuchagua. Mnawajua watafsiri wa filamu wanaosimulia kwa Kiswahili juu ya sauti ya wahusika. Kazi hiyo ilishamiri Uganda, na hapa kwetu Lufufu aliifanya ijulikane mbali. Wengine huidharau, kwa kuwa msimulizi huongeza chumvi na utani wake. Mimi naiheshimu kwa sababu moja: inamtambua mtazamaji asiyejua lugha ya filamu kuwa naye ni mtazamaji. Lakini msimulizi akiigeuza kila filamu kuwa ya matusi na ngumi, atakuwa amewafungia mlango watu walewale aliowafungulia. Na zipo filamu zisizohitaji mfasiri. Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotoka mwaka 2021, imetokana na riwaya ya Adam Shafi. Fikirini onyesho moja la filamu hiyo Jumamosi mchana, mwalimu wa Kiswahili akiwa amekaa na vijana waliokwisha kusoma kitabu, kisha wakabishana kipi kimebadilika.

Sheria nayo ina sauti katika jambo hili. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya mwaka 1976 ndiyo iliyoweka utaratibu wa kibali cha filamu na mahali pa kuonyeshea, na Bodi ya Filamu hupanga filamu kwa umri wa mtazamaji. Alama ya 18 maana yake ni kwamba mtoto hapaswi kuwa ndani, hata akilipa mara mbili. Kuna pia Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kazi iliyojazwa kwenye flashi bila idhini ni jasho la mtu, kama vile ndizi iliyokatwa shambani usiku ni jasho la mtu. Ndugu wenye vibanda, hamwezi kuomba biashara yenu iheshimiwe huku mkiuza kiingilio cha kazi ambayo mtengenezaji wake hajapata kitu. Njooni ofisini tuulizane njia ya kupata idhini na kibali. Ni heri tusumbuke pamoja kuliko mmoja wenu akutwe peke yake.

Sasa nirudi kwa wazazi. Mnataka vibanda vifungwe. Nawaelewa, na mtoto anayekosa hesabu mwaka huu harudishiwi mwaka huo. Lakini wangapi kati yenu mmewahi kuingia mle mkaketi hadi mwisho wa filamu? Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Tukifunga mlango wa kibanda, filamu zilezile zitahamia kwenye simu, nyuma ya nyumba, ambako hakuna mwenye kibanda wa kumuuliza wala alama ya umri kwenye mlango. Kibanda kina ubaya wake, lakini kinaonekana. Kilicho wazi kinaweza kurekebishwa na majirani.

Ninapendekeza mambo manne, nayo ni mapendekezo ya kujadiliwa leo, wala si amri.

Kwanza, nje ya kila kibanda pawe na ubao. Kila Jumapili uandikwe ratiba ya wiki: jina la filamu, lugha yake, umri unaoruhusiwa, saa na kiingilio. Mpira nao uandikwe. Mzazi atakayesoma ubao huo hatakuwa na sababu ya kusema hakujua.

Pili, saa za masomo mtoto wa umri wa shule asiingie. Badala yake Jumamosi mchana iwe saa ya watoto, na awepo mzazi au mwalimu mmoja, kwa zamu.

Tatu, onyesho moja kila wiki lipangwe saa watakayoichagua akina mama wenyewe. Labda ni siku ya gulio, biashara ikishapoa. Labda ni saa nyingine ambayo mimi mwanamume siwezi kuikisia. Wakati wa masika, njia zikiwa matope, saa hiyo huenda ikabadilika, nayo iandikwe.

Nne, mwenye kibanda aweke daftari mlangoni, wakazi waandike wanachotaka kuona. Asiyejua kuandika aandikiwe. Na filamu yoyote ya saa ya watoto, mwenye kibanda aitazame mwenyewe kwanza hadi mwisho.

Najua mtaniuliza, ndugu zangu wa mstari wa nyuma, nani atalipia mafuta ya jenereta wiki za mwanzo, wakati wale watoto wa mchana hawapo na akina mama bado hawajazoea. Sitawadanganya: huenda mkapoteza kidogo kwanza. Ndiyo sababu nawaomba wazazi waliopiga kelele kwa nguvu zaidi wawe wa kwanza kulipa kiingilio kwenye onyesho lao. Anayetaka kibanda kiwe cha watu wote aketi humo pamoja na watu wote.

Tujaribu hadi masika ianze, kisha tukutane tena hapahapa, kila kibanda kije na daftari lake tulisome mbele ya mkutano. Ikionekana watoto bado wanakosa shule, nitasimama pamoja na wazazi na tutasema mengine. Ubao wa kwanza nitaununua kwa hela yangu, na chaki yake.

Sasa naomba nikae, na ninyi mseme.