Mlango Usiochagua Rangi



Mwaka 1959 serikali ya Afrika Kusini ilipitisha sheria ya kutenganisha vyuo vikuu kwa rangi na kabila. Katika Chuo cha Fort Hare, alikosoma Yusuf Lule wa Uganda, walimu na wanafunzi waliipinga. Profesa Z. K. Matthews alijiuzulu badala ya kukana chama chake, akaipoteza pensheni yake.

Kwetu Tanganyika nako shule ziligawanywa: za Wazungu, za Waasia, za Waafrika. Lakini tarehe 25 Oktoba 1961 chuo kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam, katika jengo la TANU, kwa ajili ya watu wa rangi zote.

Hapa Kibara, Mjita, Mkerewe, Mkara na Msukuma hupiga magoti pamoja mbele ya altare moja. Je, tukitoka kanisani, binti yetu anapoposwa, swali letu la kwanza si kabila la mchumba? Matthews alilipa kwa pensheni yake. Sisi twaombwa kuacha kiburi tu. Tukiache leo, nyumbani kwetu.

Mungu awabariki. Amina.